Teksi ya michoro, Belfast: nyota moja, tena kwa shingo upande

Nilijiambia nisiandike. Lakini juzi mtu wa kazini kaniuliza kama zile ziara za teksi nyeusi za Belfast, Ireland ya Kaskazini, za kuzungushwa kwenye michoro ya kuta inayokumbuka vita vya Wakatoliki na Waprotestanti, zinafaa, nikajikuta nafoka hadi chai ikapoa. Basi wacha niandike niimalize.

Mama alikuwa amekuja kunitembelea kutoka Nyeri, na safari hii ilikuwa yake, si yangu. Alikuwa ameona kuta zile kwenye runinga akataka kuzisimamia mwenyewe. Babake alifungwa kambi ya Manyani wakati wa hali ya hatari, enzi za Mau Mau. Mtu aliyelelewa na pengo la namna hiyo mezani haendi kutazama kumbukumbu za wafungwa kama anayeenda kutazama twiga.

Dereva akauliza tumetoka wapi. Nikasema Kenya. Akaimba "Hakuna matata!" Nilicheka kwa adabu, na hilo ndilo kosa langu, kwa sababu tangu hapo mama yangu wa miaka sabini na ushee hakuwa na jina lingine. Hakuna Matata, funga mkanda. Hakuna Matata, tazama kushoto.

Nisimdhulumu: mwanzo alianza vizuri. Alitueleza jinsi mabasi yalivyokuwa yakitekwa na kuchomwa kufanya vizuizi miaka ya sabini, huduma ikakatwa, watu wa Falls, mtaa wa Wakatoliki, wakanunua teksi kuukuu za London wakazifanya za kushirikiana. Mnajazana, kila mtu analipa nauli yake, ukitaka kushuka unagonga kioo. Mama alicheka mpaka akatoa miwani. "Kumbe ni matatu!" Hapo ningetoa nyota nne.

Halafu tukafika kwa Bobby Sands, mfungwa wa IRA, jeshi la siri lililopigana kuitoa Uingereza Ireland ya Kaskazini. Mchoro uko ubavuni mwa ofisi ya Sinn Féin, chama cha siasa cha upande huo huo, kona ya Barabara ya Falls na Mtaa wa Sevastopol. Hata kama hujafika umeuona pichani: nywele ndefu, anatabasamu, na maneno yake kwamba kisasi chao kitakuwa kicheko cha watoto wao. Alikufa gerezani tarehe 5 Mei 1981, siku ya 66 bila chakula, ana miaka 27 na tayari amechaguliwa mbunge. Wenzake tisa wakamfuata. (Najua wapo waliofiwa na mabomu ya IRA ambao kwao mchoro huo ni tusi ukutani. Dereva wa maana angelitaja hilo pia. Wetu alitaja mahali pazuri pa kusimama kwa picha.)

Mama akataka kujua mtu anafikaje kukataa chakula. Nikamweleza kwamba mambo yalianzia kwenye nguo: kuanzia 1976 wafungwa walikataa sare za jela, kwa kuwa sare ni ya mhalifu na wao walijihesabu wafungwa wa kisiasa, wakakaa miaka na blanketi tu mwilini. Mama akaguna. "Blanketi nalijua," akasema, akanishika mkono juu ya kiwiko, vile anavyonishika anapotaka kusimulia. Nikanyamaza. Nimesubiri maisha yangu yote asimulie habari za babake.

Honi.

Nageuka, dereva ametoa mkono dirishani anagonga saa yake. Mama akaniachia, akarudi garini. Hakulisema tena jambo hilo, siku ile wala baadaye, na mimi sina namna ya kuliomba. Kwa hiyo mkiniona hapa natoa povu kwa ajili ya honi moja, mjue sababu.

Kuanzia hapo kila kitu kilinikera. Bustani ya ukumbusho ya Falls, yenye majina ya watu wa mtaa waliouawa, tuliipita kama stendi isiyo na abiria. Kwenye ukuta wa kimataifa pale Divis, ambao hupakwa rangi upya kila dunia inapogeuka na siku hizo ulikuwa umejaa Palestina, tulipewa dakika za kuhesabu. Nikamuuliza kuhusu Frank Kitson, mwanajeshi wa Uingereza aliyekuja Kenya 1953 kuwawinda Mau Mau kwa kutumia Mau Mau waliogeuzwa, na ambaye 1970 hadi 1972 alikuwa anaongoza brigedi hapo hapo Belfast. Nilidhani atafurahi: mtu mmoja, balaa moja, kwetu na kwao! "Hiyo ni hadithi ndefu," akasema, "na mvua inakuja." Mvua Belfast inakuja lini haiji?

Mwisho akatupeleka Cupar Way, kwenye ule ukuta unaoitwa wa amani, unaotenga mitaa ya Waprotestanti wa Shankill na ya Wakatoliki wa Falls. Unapita mapaa ya nyumba. Wageni wameujaza majina, mioyo na tarehe za fungate. Dereva akatoa kalamu nene ya wino akampa Mama. "Andika chochote, Hakuna Matata! Kila mtu anaandika."

Mama akaitazama kalamu. Akauliza, kwa Kiingereza chake cha shule, taratibu: nyuma ya ukuta huu anaishi nani?

"Watu," dereva akasema. "Andika tu."

Mama akafungua mkoba, akatia kalamu ndani, akavuta zipu. Akarudi garini bila kuandika hata nukta. Dereva akabaki mkono wazi. Kwa mara ya kwanza alikosa la kuimba.

Kesho yake tulikwenda wenyewe kwa miguu, na hapa ndipo nawaambia muweke pesa zenu mfukoni. Nyuma ya ukuta ule kuna Mtaa wa Bombay, uliochomwa Agosti 1969, siku aliyouawa Gerald McAuley, kijana wa miaka 15. Nyumba zilijengwa upya zikiwa zimeegemea ukuta, na nyua zake za nyuma zimefunikwa wavu wa chuma kuzuia vinavyorushwa kutoka ng'ambo. "Banda la kuku," Mama alisema, "na watu ndani." Jirani kabisa kuna bustani ya kumbukumbu ya Clonard. Mama mmoja mwenye mifuko ya sokoni akatukuta tumesimama, akaweka mifuko chini, wakaongea na Mama karibu saa nzima. Sikuelewa nusu ya lafudhi yake. Mama anadai alielewa yote.

Derry, mji mwingine wa Ireland ya Kaskazini, ni hivyo hivyo, hakuna haja ya dereva. Michoro ya Bogside, mtaa wa Wakatoliki huko, imejipanga Mtaa wa Rossville, unatembea na mwendo wako. Nenda usimame mbele ya mchoro wa Annette McGavigan, msichana aliyeuawa 1971 akiwa na miaka 14, uitazame bunduki kando yake: wachoraji waliirudia baadaye wakaivunja vipande viwili. Hakuna atakayekupigia honi.

Kwa hiyo nyota moja. Nilipomsomea Mama nilichoandika, akanikemea. Eti mpe tano: alimshika mkono kila aliposhuka, alimpa mwavuli wake yeye akalowa, na mtu anayepeleka wageni mahali pale kila siku ya Mungu lazima aimbe, la sivyo atalia. Nimemwambia Mama asinitetee watu. Lakini mwavuli ni kweli, nilikuwa nimeusahau. Basi mbili. Mbili na nusu kwa sababu ya ile hadithi ya matatu. Honi siisamehi.

Na kama dereva mwenyewe anasoma hapa: kalamu yako iko Nyeri. Mama anaandikia orodha ya chama.