Nta ndani ya boriti: uzoefu wangu wa kuilinda Datsun 240Z na kutu hapa Mombasa

Ilikuwa Agosti 2022, asubuhi, mbele ya nyumba yetu Tudor. Nilipiga jeki chini ya sakafu upande wa dereva ili nibadilishe tairi. Gari likapanda kidogo, likasita, kisha nikasikia mlio kama wa kaki inayovunjwa kwa mkono. Tairi lilikuwa bado limekaa chini. Kilichopanda ni kichwa cha jeki, kimezama ndani ya chuma, na kando yake vipande vya lami nyeusi vilikuwa vimebanduka vikiwa na unga wa kutu mgongoni.

Tangu siku hiyo nimejaribu njia moja ya kulinda gari la zamani karibu na bahari. Nimekaa nayo zaidi ya miaka miwili na sasa nina uhakika nayo kiasi cha kumshauri mwingine. Bidhaa yenyewe ni nta ya Dinitrol ya kupuliza ndani ya matundu, ile 3125, pamoja na nta yao nyeusi ya chini ya gari, 4941. Lakini nta peke yake isingenifaa kitu bila kamera ndogo ya waya ya kuchungulia ndani, kwa hiyo nazisimulia pamoja.

Gari ni Datsun 240Z ya 1972, ya marehemu ami yangu. Kwa watu wa rika lake, Z ni gari waliloliona kwa macho yao likipita mbio na matope mpaka kwenye paa. Edgar Herrmann alishinda nayo mbio za magari za Safari Rally za 1971, na mwaka 1973 Shekhar Mehta akashinda nayo baada ya kufungana pointi na Harry Källström, ambaye naye alikuwa ndani ya Datsun nyingine. Ami aliyasimulia hayo hata akiwa kitandani hospitalini. Sikuwa tayari kuiona inaoza mikononi mwangu.

Injini yake si tatizo. Silinda sita za mstari mmoja, lita 2.4, na fundi yeyote mwenye subira ataifungua na kuifunga. Kinachoziua gari hizi ni bodi. 240Z haina chasisi ya kujitegemea kama Land Rover, bodi yenyewe ndiyo chasisi. Chini ya sakafu kuna boriti mbili za bati jembamba lililokunjwa kama mfereji, mdomo wake umebandikwa kwenye sakafu kwa nukta za kuchomelea, na katikati ni wazi. Maji na mchanga vinaingia, kutoka ndiyo kazi. Hata ikiwa mpya, haifai kuinuliwa kwa boriti hizo kwa sababu zinabonyea. Mahali pa jeki mbele ni ile boriti nene ya kukingama inayobeba injini. Lakini kubonyea ni jambo moja na kutoboka ni jingine.

Mwaka 2019 nililipa gereji moja, jina nitaliacha, wanipigie chini ya gari lote lami ya kuzuia kutu. Walimaliza kwa siku moja. Ningejiuliza hapo hapo, maana gari lililooshwa kwa kweli chini haliwezi kukauka kwa siku moja katika hewa ya Mombasa. Lilirudi jeusi tititi, linang'aa, nami nikalala usingizi miaka mitatu. Lami ile ilipigwa juu ya kutu na juu ya chumvi. Ikikauka inakuwa ngumu, gari likitikisika inapata nyufa nyembamba kama unywele, maji yanaingia kwenye ufa na yakishafika chini yanakaa. Jua haliyafikii, upepo hauyafikii. Kutu nayo huvimba, hutaka nafasi kubwa kuliko ya kile chuma ilichokila, basi inaisukuma lami na kufungulia njia maji mengine. Na kwa nje huoni chochote. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Wangeiacha wazi, kutu ile ningeiona mapema, ikiwa bado ni ya kusugua kwa brashi ya waya.

Kwa gari linalovuka Likoni mara mbili kwa wiki, kama langu, haya si mambo madogo. Kila unaposhuka kwenye feri, tairi za mbele zinarusha maji ya bahari moja kwa moja kwenye sakafu.

Ukaguzi niliuanza na vitu vya kawaida. Shina la bisibisi, unagonga taratibu kutoka mbele kwenda nyuma. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinajibu kwa sauti ya bubu, na sikio linazoea upesi. Sumaku ndogo iliyofungwa kwenye kitambaa unaipitisha kwenye vizingiti vya milango na nyuma ya magurudumu. Inapokataa kushika, ujue hapo chini kuna pati ya kuzibia mashimo na si bati. Nilitoa mikeka yote, nikatoa betri na kinara chake, maana matone ya asidi hula pale miaka yote, nikatoa tairi la akiba na kukuta maji kidogo chini yake ambayo sikuyajua.

Kisha kamera. Ni ile ya bei nafuu inayochomekwa kwenye simu, waya wa mita tano, kichwa chembamba kama kalamu chenye taa kukizunguka. Niliipitisha kwenye tundu la mwisho wa boriti ya kushoto, ile ambayo bado ilikuwa imesimama. Kwanza giza, halafu picha ikatulia. Ndani kulikuwa na mchanga mwekundu, umelala sakafuni mwa boriti kama uji uliokauka, urefu wa kiganja. Ule ni udongo wa Voi. Gari hili halijafika Voi tangu ami alipokuwa akilipeleka mwenyewe. Juu ya mchanga chuma kilikuwa kahawia lakini kizima, na pale mchanga ulipogusa pembeni, bati lilikuwa limegeuka magamba, moja juu ya jingine, kama majani ya kitabu kilicholowa. Nilikaa na simu mkononi nikilitazama gamba moja likitikisika kwa pumzi ya hewa iliyokuwa ikipita ndani.

Chini ya kioo cha mbele, kwenye mfereji wa vifutio, kamera ilinionyesha majani ya mwarobaini. Tuna mti mmoja mkubwa pale tunapoegesha. Majani yalikuwa yamegeuka mboji na kuziba vitundu vya kutolea maji pande zote mbili, kwa hiyo kila mvua ilikuwa ikitafuta njia nyingine ya kushukia, na njia hiyo ilikuwa ndani ya vizingiti.

Jambo moja kuhusu kamera hizi: ndani ya tundu unapoteza mwelekeo kabisa, juu huijui wala chini huijui. Nilifunga utepe kwenye waya kila baada ya sentimita kumi, nikawa naandika kwenye daftari, boriti ya kushoto, sentimita 60, magamba. Daftari hilo limekuwa na faida kuliko picha zenyewe, kwa sababu miezi sita baadaye narudi sentimita ile ile na kulinganisha.

Lami yote ilitoka kwa kwanguo na mafuta ya taa, siku nne za kulala chali. Halafu kuosha, na hapa naomba wenzangu wa pwani wanisikilize. Maji ya visima vyetu vingi ni ya chumvi, na wanaoosha magari barabarani hutumia maji hayo hayo. Ukioshea kutu kwa maji ya kisima unaongeza kile unachotaka kukiondoa. Chumvi iliyojificha ndani ya vishimo vya kutu ndiyo inayoirudisha kutu chini ya rangi mpya, hata uwe umenunua rangi ya bei gani. Nilikinga maji ya mvua za vuli kwenye madumu, nikaosha mara tatu kwa siku tofauti, nikiingiza mpira ndani ya boriti mpaka yakawa yanatoka meupe. Baadaye kompresa ya hewa, kisha nikaliacha gari wazi na kavu siku tisa za jua la kaskazi.

Kuchomelea alifanya fundi wa bodi wa Changamwe, kwa bati la milimita 1.2, boriti ya kulia yote na kipande cha ile ya kushoto, pamoja na sakafu chini ya miguu ya dereva. Kazi nzuri, sina la kuongeza, ila kwamba nilimwomba apake praima yenye zinki upande wa ndani kabla ya kufunga, naye akanisikiliza. Pale palipobaki kutu iliyoshikana na chuma kizima tulipaka dawa ya kugeuza kutu, ile inayoifanya nyeusi, tukangoja ikauke.

Nta niliagizia kwa wakala wa mizigo ya meli, kwa sababu makopo ya kupulizia hayapandi ndege kwenye begi la abiria. Ilichukua karibu miezi miwili. Nilitumia makopo sita ya 3125 na manne ya 4941, na gharama yote pamoja na usafiri haikufika robo ya nilicholipa kuchomelea.

Kopo la ile ya ndani linatumika na mrija mrefu wa plastiki ambao ncha yake inarusha pande zote. Unauingiza mpaka mwisho wa boriti, unabonyeza, unauvuta kurudi polepole, kama mtu anayepaka rangi ndani ya bomba. Inatoka nyepesi, karibu kama mafuta ya taa, na hiyo ndiyo nguvu yake: inajipenyeza yenyewe kwenye maungio ya bati, pale kati ya nukta na nukta ambapo brashi haifiki hata milele. Niliiona kwa macho. Nilipuliza ndani ya kizingiti, nikazunguka nje, baada ya dakika chache mstari mwembamba wa kahawia ukajitokeza kwenye ungio la chini, mahali ambapo ningeapa hapana nafasi hata ya wembe. Maji yangepita hapo hapo. Sasa pana nta.

Ikishakauka inabaki utando laini wa rangi ya asali iliyokolea. Ukiukwaruza kwa ukucha unaacha alama lakini haubanduki, wala haupasuki gari likitikisika. Hapo ndipo inapotofautiana na lami iliyoniletea hasara. Ile nyeusi ya chini ni nzito zaidi na inastahimili maji ya barabarani, nayo pia haigeuki gamba.

Makosa yalikuwa yangu. Upande wa kwanza nilipuliza saa saba mchana, chuma kina moto, nta ikawa nyepesi mno na nyingi ikachuruzika sakafuni mwa baraza. Upande wa pili nilianza saa kumi na mbili asubuhi, ikakaa vizuri. Pia niliziba vitundu viwili vya kutolea maji bila kujua. Kagua kila kitundu kesho yake kwa waya mwembamba, vinginevyo umejijengea birika. Funika breki na bomba la moshi kabla ya kuanza. Vaa barakoa, fungua milango, harufu yake ni kali na ilikaa ndani ya gari langu wiki tatu. Na kuchomelea kote kuishe kwanza, kwa sababu nta inashika moto, na moto ndani ya boriti huuoni mpaka umeshachelewa.

Kama gari lako bado lina lami ya zamani chini, usinunue nta hii sasa. Weka pesa hizo kwenye kwanguo, madumu ya maji matamu na kamera, nta itakuja baadaye. Na nyuma ya magurudumu ya mbele, mawe huila ile 4941 polepole, kwa hiyo kila mwaka napaka mkono mmoja mwingine wa nta kabla ya masika. Naona ni haki, hata paa la makuti huongezwa.

Nilipuliza Februari 2023. Tangu hapo nimeingiza kamera kila baada ya miezi sita, na gari limevuka Likoni kama kawaida, kusi na kaskazi. Ule mwarobaini siwezi kuukata, mama hakubali, lakini mfereji wa vifutio nausafisha kila Ijumaa.

Wiki iliyopita nimechungulia tena. Boriti ya kulia ina utando mzima mwanzo hadi mwisho, unang'aa kwenye taa. Ya kushoto, pale sentimita 60 palipokuwa na magamba, pana bati jipya na nta juu yake, hapajabadilika. Kwenye kizingiti cha kushoto, sentimita 40 kutoka nyuma, nimeona doa la rangi ya chungwa, upana wa sarafu ya shilingi. Kuna ukuta mdogo wa bati ndani pale, mrija haukuupita. Nimelitia alama ya chaki kwa nje, na kopo moja la 3125 limebaki. Jumamosi alfajiri nitang'oa kizibo cha mpira kilicho nyuma ya ukuta huo nipulizie kutoka upande wa pili.