Ferodo DS2500 kwenye Subaru STI: inafaa wapi, na inaharibiwa na nini

Pedi za breki zinazotoka kiwandani na Subaru Impreza WRX STI ya umbo la GDB (msimbo wa mwili wa miaka ya 2000 hadi 2007) si mbovu. Zinashika asubuhi gari likiwa baridi, hazipigi kelele, vumbi lake linavumilika, na kwa mtu wa foleni za mjini zinatosha kabisa. Udhaifu wake ni mmoja: zikipata moto wa kweli zinaachia. Pedeli inabaki ngumu vilevile, mguu unakandamiza kwa nguvu zote, na gari linaendelea kwenda. Kwa mwenye gari anayelijua tatizo hilo, pedi tunayoipendekeza ni Ferodo DS2500, tena kwa masharti.

Kuna jambo ambalo wauzaji wengi wa spea hawalitamki. Pedi mpya, hata iwe ghali kiasi gani, haitafupisha sana umbali wa kusimama ukifunga breki mara moja tu. Ukiwa kwenye kilomita 100 kwa saa, pedi za kiwandani zenye afya zina nguvu ya kutosha kuifikisha tairi ukingoni, hadi ABS, mfumo unaozuia tairi zisijifunge, ianze kutetemesha pedeli chini ya mguu. Hapo anayeamua ni tairi na lami. Mwenye tairi kongwe zilizokauka anunue tairi kwanza. DS2500 inalipa fedha yake unapofunga breki mara ya sita, ya nane, ya kumi, bila nafasi ya kupoa katikati.

Piga hesabu. Gari la kilo 1,500 linalokimbia 120 kwa saa lina nishati ya takriban kilojuli 833, na ukisimama karibu yote inageuka joto kwenye diski. Gari hilohilo likishuka mita 500 za wima linaachia karibu kilojuli 7,360, sawasawa na kusimama kutoka 120 karibu mara tisa mfululizo. Sehemu ya mzigo huo humezwa na upepo, na injini ikiwa kwenye gia ndogo. Lakini anayeteremka milima ya Mai Mahiu kule Kenya au Kitonga kule Tanzania kwa gia kubwa, gari limejaa watu na mizigo, mguu umelala juu ya breki, anazibebesha diski na pedi karibu kila kitu. Hakuna pedi ya barabarani inayopaswa kutumiwa hivyo, na DS2500 haimpi mtu ruhusa ya kuisahau gia ya tatu.

Ferodo, kampuni iliyoanzia Uingereza mwaka 1897, inatangaza kwamba DS2500 ina msuguano (namba inayopima jinsi pedi inavyoshika diski) wa wastani wa 0.42 kuanzia nyuzi 20 hadi 500 za Selsiasi. Kwa namba tu, 0.42 haishtui. Pedi nyingi zinazofuata mfumo wa Marekani huandikwa herufi mbili mwishoni mwa msimbo wake, ya kwanza ikieleza msuguano katika joto la kawaida, ya pili ukiwa moto: E ni kati ya 0.25 na 0.35, F kati ya 0.35 na 0.45, G kati ya 0.45 na 0.55. Kwa kipimo hicho 0.42 ni F, daraja ambalo pedi nyingi za kawaida zinalo zikiwa baridi. Sifa ya DS2500 ni kwamba haiporomoki joto linapopanda, na bado inauma mara ya kwanza asubuhi. Pedi kamili za mashindano hazina hilo la pili. Zinataka zipashwe moto kwanza, na kwenye barabara ya mjini ile breki ya kwanza ndiyo inayoweza kumgonga mtoto.

Mguuni, DS2500 haishtui kwa kuuma ghafla. Nguvu inaongezeka kadiri unavyokandamiza, na inapungua vilevile unapoachia, kwa hiyo dereva anaweza kupunguza breki taratibu huku akiingia kona bila gari kuyumba. Hapo inazishinda pedi nyingi.

Kasoro zake ziko wazi. Inalia, hasa kwa mwendo mdogo unapokaribia kusimama, na hakuna grisi itakayoinyamazisha kabisa. Vumbi lake ni jeusi na jingi. Likilowa mvua na kuachwa siku kadhaa linashika rimu kama kutu, na rimu za dhahabu za STI zinaonyesha kila doa. Joto likivuka nyuzi 500, kama inavyotokea kwa gari zito kwenye uwanja wa mbio kwa mizunguko mingi, nayo itaachia. Vilevile iko kwenye familia ya pedi za mashindano za Ferodo. Anayeishi Ulaya asome mgongo wa pedi kabla ya kununua, kwa sababu kanuni ya R90 inataka pedi mbadala za barabarani zisitofautiane na za kiwandani kwa zaidi ya asilimia 15, na zenye idhini hubeba alama ya E ndani ya duara.

Kama kelele ndiyo itakayokukera, Hawk HPS ni chaguo la kiungwana zaidi: hatua moja juu ya pedi ya kawaida, vumbi la wastani, na mwisho wake unakuja mapema zaidi kwenye moto. EBC Redstuff ni ya kauri, ya mtu anayependa rimu safi. Hatuoni sababu ya kuiweka kwenye STI inayoendeshwa kwa nguvu.

Kabla ya kulipa, hakikisha kalipa lako, yaani kile kifaa chenye pistoni kinachobana pedi kwenye diski. Si kila STI ya GDB ilitoka na kalipa za kampuni ya Brembo. Baadhi ya za Japani zilikuwa na kalipa za Subaru zenyewe za pistoni nne, na magari haya yakishapita mikono mitatu minne huwa yamebadilishwa vitu. Vua tairi uone kwa macho. Brembo ya mbele ya STI ina pistoni nne na diski ya milimita 326, ya nyuma pistoni mbili na diski ya 316. Kwa mbele namba ya Ferodo ni FCP1334H, umbo lilelile linaloingia kwenye Mitsubishi Lancer Evolution V hadi IX, na kwa nyuma ni FCP1562H. Herufi H mwishoni ndiyo inayosema DS2500. Ikiwa herufi nyingine, hiyo ni pedi nyingine hata kama boksi linafanana. Feki ni nyingi, iwe Kirinyaga Road ya Nairobi au Kariakoo ya Dar es Salaam, kwa hiyo linganisha namba iliyo kwenye boksi na ile iliyo kwenye bati la pedi. Pedi feki mara nyingi ina rangi iliyopakwa ovyo, kingo zinazomomonyoka ukizikwaruza kwa kucha, na maandishi yanayofutika kwa kidole.

Kama fedha inatosha jozi moja tu, funga mbele. Breki za mbele ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya kazi kwa sababu uzito hukimbilia huko gari linapopunguza mwendo. Kosa la hatari ni kinyume chake: pedi kali nyuma na za kawaida mbele. Hapo tairi za nyuma zinawahi kufika kikomo, na ABS inabaki kupambana na gari linalotaka kugeuza kiuno, mkia ukitangulia mbele.

Kwenye kufunga, Brembo hizi ni rahisi kuliko kalipa la kuteleza la gari la kawaida, maana hufungui boliti ya kalipa hata moja. Legeza nati, piga jeki, weka stendi, vua tairi. Katikati ya kalipa kuna springi bapa lenye umbo la msalaba, limeshikwa na pini mbili. Pini hutoka kwa kupigwa kutoka upande wa nje kuelekea ndani ya gari, kwa chuma cha kusukumia chembamba kuliko pini, na kwa nyundo ndogo. Bana springi kwa kidole gumba wakati pini ya kwanza inatoka, la sivyo litaruka. Angalia kichwa cha pini: kina pete iliyopasuka inayoishikilia ndani ya kalipa. Pete ikiwa imelegea au pini ina mikwaruzo ya kuingia ukucha, nunua seti mpya ya pini na springi. Pini iliyolika ndiyo inayoifanya pedi kukwama upande mmoja na kuisha kwa mshazari.

Usitoe pedi zote mbili kwa pamoja. Kalipa la aina hii lina pistoni pande zote, na ukisukuma za upande mmoja, za upande wa pili zinatoka nje. Kwanza nyonya mafuta ya breki kidogo kwenye kichupa chake kwa bomba la sindano, maana yatapanda, na yakimwagika yanakula rangi ya gari. Kisha safisha pistoni na mipira yake ya vumbi kabla ya kuzirudisha. Fundi anayesukuma pistoni yenye tope ndani ya sili anatengeneza uvujaji wa mwezi ujao. Rudisha upande mmoja pole kwa pole, chomeka pedi mpya, ndipo uende upande wa pili.

Pedi lazima iteleze kwa nguvu ya vidole viwili. Ikikaza, tazama masikio ya bati lake: rangi ya kiwandani huwa nene, na kupitisha tupa mara mbili tatu kunatosha. Kisha tazama kalipa lenyewe pale pedi inapoegemea. Chumvi na unyevu wa pwani huotesha kutu nyeupe ya alumini, na kutu hiyo inabana pedi hadi inabaki ikigusa diski wakati wote. Hapo diski moja itakuwa moto kuliko mwenzake, na mwenye gari atailaumu Ferodo bure. Grisi iwe ya breki, inayostahimili joto, kidogo tu kwenye masikio na mgongo wa bati. Grisi ya kawaida ya bearing inavimbisha mipira ya breki. Petroli ya kuoshea nayo ikae mbali, tumia dawa ya kusafishia breki.

Diski ya mbele ikiwa mpya ina unene wa milimita 30 na haitakiwi kushuka chini ya 28, ya nyuma ni 20 na 18. Kipimo cha mwisho huandikwa kwenye diski yenyewe. Kama iko salama na haina mfereji, isugue kwa msasa wa 80 au 120 pande zote mbili kuondoa mabaki ya pedi za zamani. Kuweka DS2500 juu ya mabaki ya pedi ya aina nyingine ni kuomba mtetemo.

Kabla gari halijasogea hata futi moja, kanyaga pedeli mara nyingi hadi iwe ngumu. Pistoni umezirudisha nyuma kabisa, kwa hiyo mkanyago wa kwanza unakwenda hadi chini bila kushika chochote. Magari yamegonga ukuta wa gereji kwa kusahau hili.

Mafuta ya breki yasiachwe nyuma. Pedi inayovumilia nyuzi 500 inapeleka joto kwenye pistoni, na mafuta yakichemka pedeli inakuwa laini kama sifongo. Mafuta hayo hupangwa kwa madaraja ya DOT: DOT 3 mpya huchemka kuanzia nyuzi 205, lakini ikishanyonya unyevu inashuka hadi 140. DOT 4 ni 230 na 155, DOT 5.1 ni 260 na 180. Weka DOT 4 nzuri au 5.1, na usiguse DOT 5 ambayo ni ya silikoni na haichanganyiki na hizo. Unapotoa upepo kumbuka kalipa la mbele lina nipeli (skrubu za kutolea upepo) mbili, ya ndani na ya nje. Fundi akifungua moja tu, nusu ya kalipa inabaki na mafuta ya zamani.

Kuzizoesha pedi na diski ndiko kunakoamua kila kitu kinachofuata. Tafuta barabara iliyo tupu. Anza na breki laini tano sita kutoka 60. Kisha punguza kutoka 100 hadi 20 kwa nguvu ya kati, mara nane hadi kumi, ukiachia nusu dakika kati ya kila moja, na usisimame kabisa. Utasikia harufu kali na pengine pedeli italegea kidogo kuelekea mwisho: ni gesi za gundi ya pedi mpya zinazotoka. Halafu endesha dakika 15 bila kugusa breki zaidi ya lazima, na ukiegesha usibane breki ya mguu. Pedi ya moto ikigandamizwa kwenye diski iliyosimama inaacha alama ya umbo lake, kivuli cheusi unachoweza kukiona ukivua tairi, na kuanzia siku hiyo usukani utatetemeka kila ukifunga breki. Wengi wanaambiwa diski imepinda na kukimbilia kupiga skimu, yaani kuichonga diski kwa mashine. Mara nyingi diski haijapinda, ni kivuli hicho, na kurudia msasa na mazoezi yaleyale kunakiondoa kama hakijakaa muda mrefu.

Nati za tairi kazia kwa spana ya kupimia mkazo, kati ya niutoni-mita 90 na 110 kulingana na kitabu cha gari lako, na uzirudie baada ya kilomita 50 hadi 100. Usitegemee kibati cha kupiga kelele kukuonya kwamba pedi imekwisha. Chungulia juu ya kalipa kila unapobadilisha oili, na ubadilishe pedi zikibaki milimita 3, au milimita 5 kama unakwenda uwanja wa mbio, kwa sababu pedi nyembamba haizuii tena joto kuyafikia mafuta.