Uzoefu wangu: mwezi mzima na mapanki ya Mwaloni Kirumba

Jamani ngoja niandike, maana majirani hapa Igoma, Mwanza, wameniuliza sana, mama unalishaje watu sita kwa hela ileile na jikoni kwako panatoka harufu nzuri kila siku. Jibu ni mapanki. Najua wengi wakilisikia tu hilo neno wanakunja sura, hata mimi nilikuwa hivyohivyo, nimekua naambiwa ni chakula cha wasiojiweza, minofu inaenda zake Ulaya na sisi tunabaki na mifupa. Na ndivyo ilivyo, kiwandani wanachuna mnofu wa sangara, kinachobaki ni kichwa, mti wa mgongo na mkia, ndio panki lenyewe. Lakini kwenye kile kichwa kuna nyama bwana, tena ndio tamu kuliko zote.

Siku ya kwanza nilifika Mwaloni, soko la samaki pale Kirumba, saa 12 asubuhi na ndoo yangu yenye mfuniko (usiende na mfuko wa kawaida, maji yakivuja ndani ya daladala konda atakushusha na abiria wote watakuangalia wewe). Nikamsalimia kwa Kisukuma mama mmoja mtu mzima, muuzaji, mwangaluka mayu, akafurahi, akaniambia mwanangu usinunue kwa kuangalia jicho tu, fungua shavu uone ndani. Kama matamvua ni mekundu chukua, kama yameshakuwa ya kahawia na yanateleza achana nayo hata ukipewa bure. Vichwa viwili vikubwa na panki moja akanifanyia buku tano.

Nyumbani nikapasua vichwa katikati, nikaosha kwa ndimu na chumvi, nikaweka sufuria kubwa na tangawizi na vitunguu, moto wa mkaa mdogomdogo. Baada ya kama nusu saa mafuta yakaanza kupanda juu, ya njano, yanang'aa, nikawa nayachota taratibu kwa upawa naweka kwenye kikombe, na mafuta hayohayo ndio nikakaangia kitunguu na nyanya, yani chupa ya mafuta ya kula siku ile sikuigusa kabisa. Vilipopoa kidogo nikaanza kuchambua kwa vidole, shavu moja tu lilitoa pande la kujaa kiganja, kuna nyingine kisogoni imejificha, alafu kwenye mti wa mgongo unapitisha kijiko katikati ya mifupa. Bakuli kubwa likajaa mpaka mume wangu akauliza samaki mzima umenunua shilingi ngapi. Usiku tukala supu na ugali wa dona, ile nyama nyingine nikaichemsha tena asubuhi na mchana nikaiunga na matembele na karanga za kutwanga. Mifupa nikaanika juu ya bati mpaka ikakauka, nikaitwanga, kuku wangu wanachanganyiwa na pumba. Kama una mtoto mdogo mchambulie mwenyewe, ile mifupa ya mbavu ni myembamba na inakwama kooni.

Kwenye nyanya nachukua masalo, yani zile zilizobaki bila kununuliwa, jioni wakati wauzaji wanafunga, ndoo ndogo buku jero, nakata palipooza nachemsha zote usiku uleule, zikilala mbichi mpaka asubuhi zimekwisha. Dagaa nao wana wakati wao, mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi hawapati kitu maana dagaa wanavutwa kwa taa na taa inataka giza, kwa hiyo bei inapaa. Mimi nanunua sado nzima (ile ndoo ndogo ya kupimia) siku za giza naweka kwenye ndoo kavu.

Sasa yaliyoniumiza. Wiki ya pili nilichelewa nikanunua mapanki ya kukaanga barabarani saa 9 mchana, yalikuwa yamekaa juani, mtoto wangu wa mwisho akaharisha siku mbili na nilijilaumu sana. Ya kukaanga ya mchana sinunui tena. Na ofa ya unga kwenye duka moja kubwa la mjini, bei imeshushwa kweli, nafungua nyumbani unga una wadudu na tarehe imebandikiwa stika juu. Hii sio sawa, mtu anayetafuta unafuu ndio hana hela ya kununua mara mbili!

Kwa mboga tu nilikuwa natumia elfu 8 kwa siku, sasa ni kama 5. Mwezi huu gunia la mkaa nimelinunua kwa hela iliyobaki, na kitu kikabaki cha daftari za shule. Mapanki ya Mwaloni nayapa 8 kwa 10, mbili nimezikata kwa sababu ya nzi, pale ukifika saa 3 tu ni shida. Jumamosi narudi, yule mama nimeshamwambia aniwekee vichwa vitatu.