Makumbusho ya Lorraine, Memphis: usikimbilie chumba 306

Makumbusho ya Taifa ya Haki za Kiraia pale Memphis, Tennessee, Marekani, nayapa nyota nne kati ya tano. Hiyo moja niliyobana nitaieleza mbele. Wengi huyaita Lorraine tu, kwa sababu yamo ndani ya moteli ileile ambako Martin Luther King, mchungaji aliyeongoza harakati za haki za Weusi wa Marekani, alipigwa risasi jioni ya tarehe 4 Aprili 1968. Kwa nje moteli imeachwa na sura yake: bango la zamani, magari mawili meupe ya enzi hizo yameegeshwa chini, na juu kwenye roshani limetundikwa shada la maua mekundu na meupe. Hapo uani unafika bila tiketi. Kama huna muda au mfuko umetoboka, simama pale, soma maelezo, uende zako, safari haijapotea.

Ukikata tiketi, basi usipite mbio. Watu wengi wanaingia wakiwa na jambo moja kichwani, chumba namba 306 alichofikia King, na vyumba vyote vya mwanzo wanavipita kama abiria anayewahi basi la mwisho. Chumba hicho ndicho kinachofunga ziara, hakihami. Mpwa wangu, anayeishi huko na ndiye aliyenipeleka, alikuwa ananivuta mkono: "Shangazi, wote wanatupita." Nikamwambia, "Mwanangu, waache wapite."

Mimi ni katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi. Nusu ya kazi yangu ni kufuatilia ada, kutafuta ukumbi na kuhakikisha waliosema watakuja wamekuja kweli. Kwa hiyo nilikuwa natafuta mambo ambayo hotuba haziyasemi, na yamo tele.

Chukua basi la Montgomery, mji wa Alabama ambako Weusi walitengewa viti vya nyuma. Unapanda, unamkuta Rosa Parks, mama Mweusi aliyekamatwa kwa kukataa kumpisha Mzungu kiti, sanamu, ameketi kimya, na sauti ya dereva inafoka kwamba urudi nyuma. Kila mtu anapiga picha hapo, sawa. Lakini jiulize nani aliwaambia watu wasipande mabasi Jumatatu ile ya tarehe 5 Desemba 1955. Jo Ann Robinson, mwalimu wa chuo na kiongozi wa umoja wa wanawake, alikesha na wenzake wachache wakichapa maelfu ya vikaratasi kwa mashine ya chuoni, na asubuhi vikasambazwa mji mzima. Mgomo ulitangazwa wa siku moja, ukaenda siku 381. Siku zote hizo mpishi na mfua nguo walifikaje kazini? Wengine kwa miguu, wengine kwa mpango wa magari: vituo vya kupandia, madereva wa kujitolea, hela ya mafuta inayochangwa makanisani. King alikuwa na miaka 26 na mahubiri yake yalitia watu moyo, sibishi, ila mahubiri hayamfikishi mpishi jikoni alfajiri.

Mbele kidogo kuna kaunta ya chakula, ya zile zilizokataa kuhudumia Weusi, na sanamu za vijana walioketi na kugoma kuondoka. Wanafunzi wanne walianza mjini Greensboro tarehe 1 Februari 1960, na miji mingine ikafuata. Hapa ndipo watu hudhani kuvumilia kipigo ni suala la roho nzuri. Si hivyo. Mjini Nashville walikuwa na madarasa kabisa: wanapangwa wenyewe kwa wenyewe, huyu anaketi, yule anamtukana, anamsukuma, anamvuta kutoka kwenye kiti, mpaka aliyeketi azoee kutorudisha. Aliyekuwa akifundisha ni James Lawson. Jina lake lisikupite. Alifungwa kwa kukataa kwenda jeshini wakati wa vita vya Korea, kisha akaenda India, Nagpur, kama mmisionari, akasoma mbinu za Gandhi akiwa kulekule zilikotumika. Kwenye madarasa yake walitoka Diane Nash na John Lewis, waliokuja kuwa viongozi wa harakati hizo. Chuo Kikuu cha Vanderbilt kilimfukuza mwaka 1960 kwa sababu ya kazi hiyo.

Sasa sehemu ambayo mimi ningelipia tiketi peke yake: mgomo wa wazoa taka wa Memphis. Kuna lori la taka, na sanamu za wanaume wenye mabango yaliyoandikwa "Mimi ni mwanamume". Walikuwa Weusi, watu wazima wenye wajukuu, bado wakiitwa "boi" kazini. Tarehe 1 Februari 1968 mvua ilinyesha, Echol Cole na Robert Walker wakajibanza ndani ya lori, mtambo wa kushindilia taka ukajiwasha, ukawaua. Siku kumi na moja baadaye wafanyakazi wapatao 1,300 hawakwenda kazini.

Mnajua meya Henry Loeb alipinga nini kwa nguvu zake zote? Pamoja na kulitambua tawi la chama cha wazoa taka, ni makato ya ada! Wafanyakazi walitaka ada ya chama ikatwe moja kwa moja kwenye mshahara, meya akasema katu. Yeyote aliyewahi kuendesha tawi anaelewa: bila makato chama kinakuwa cha kuombaomba, na Loeb alilijua hilo vizuri kuliko baadhi ya wanachama wangu. T. O. Jones, mzoa taka aliyefukuzwa kazi kwa sababu ya kuunda chama, alikuwa amelijenga tawi hilo kwa miaka kadhaa kabla kamera hazijafika. Na mwenyekiti wa kamati iliyounga mkono mgomo? James Lawson yuleyule, sasa mchungaji Memphis. Ndiye aliyemwita King.

Maandamano ya tarehe 28 Machi yaliharibika. Vioo vya maduka vilivunjwa, polisi wakaingia na virungu na gesi, kijana wa miaka 16, Larry Payne, akauawa. King aliondolewa haraka, magazeti yakamsema. Alirudi Memphis kuthibitisha kwamba maandamano yanaweza kufanyika ya amani, na ndivyo alivyojikuta Lorraine. Ukilijua hilo, chumba 306 kinasomeka. Unakitazama kupitia kioo, kitanda hakijatandikwa, vyombo vya kahawa vipo. Usipolijua, ni chumba cha wageni tu. Tarehe 8 Aprili mjane wake, Coretta Scott King, aliongoza maelfu mjini humo, kimya. Tarehe 16 Aprili jiji likakubali: chama kimetambuliwa, njia ya kukata ada imepatikana, na mshahara umepanda senti chache kwa saa.

Nyota niliyoibana ni ya jengo la pili, ng'ambo ya barabara, nyumba ya wapangaji ambako risasi ilitoka. Nilipokwenda, huko walionyesha habari za James Earl Ray, aliyehukumiwa kwa kumuua King: alivyokimbia, alivyokamatwa London, ushahidi, na nadharia za njama. Wapo wanaoipenda sehemu hiyo na naelewa, watu wanapenda upelelezi. Kwangu muuaji amepewa nafasi kubwa mno, hasa ukizingatia kwamba umetoka tu kusoma habari za watu 1,300. Ukichoka, ruka hiyo. Kabla ya kwenda angalia ratiba yao pia, kwa sababu kuna siku katikati ya wiki hufungwa.

Jingine usilikwepe: mama mmoja, mkazi wa mwisho kuhamishwa moteli ilipofungwa mwaka 1988, amepinga mradi huu hapo nje kwa miaka mingi. Hoja yake ni kwamba King angependa pesa hizo zijenge nyumba za maskini. Ukimkuta, msikilize kabla ya kuingia. Sikubaliani naye kwamba makumbusho hayakustahili kuwepo, lakini habari ya nani alihamishwa ili wageni waje ni sehemu ya ziara.

Ukitoka, usirudi hotelini moja kwa moja. Karibu na Clayborn Temple, kanisa ambako waandamanaji walikuwa wakikusanyika, kuna uwanja uliofunguliwa mwaka 2018 wenye ukuta wa majina ya waliogoma. Kanisa lenyewe liliungua Aprili 2025, uwanja upo. Hakuna kiingilio wala foleni.