Tahadhari: matenki ya pikipiki "yaliyosiliwa" kwa rangi ya geti

Wakuu, hasa madereva wa boda na mnaofufua pikipiki za zamani, kuna matenki yanauzwa kwa maneno matamu: "limetolewa kutu, limesiliwa, unafunga unaondoka". Kusila ni kupaka ndani ya tenki sila, utando mgumu unaoziba vitundu. Nje rangi mpya na stika mpya. Ukimulika ndani kwa tochi linameremeta kama sufuria la harusi. Mengi ya haya hayajatolewa kutu hata kidogo. Mtu amemimina rangi ya fedha, ile ya kupaka mageti na mabomba, akalipindua huku na huku, akamwaga iliyobaki na kulianika juani. Kutu yote ipo pale pale, chini ya rangi.

Rangi ya geti huyeyushwa kwa tapentaini au thina, na hao wawili ni ndugu wa petroli. Ukijaza mafuta, rangi inaanza kulainika. Tena imepakwa juu ya magamba ya kutu yaliyokwishaachia bati, kwa hiyo haina ilichoshika. Inavimba, inapasuka, inabanduka vipande vipande. Wakati huo muuzaji ameshabadilisha laini.

Dalili yake inawazungusha watu sana. Asubuhi pikipiki inawaka vizuri, inatembea kilomita kadhaa, ikifika mlimani au ukivuta mafuta mengi inakosa nguvu na kuzima. Ukipumzika dakika kumi inawaka kama haikuwa na shida. Mafuta yanapotiririka huvuta vipande hadi kwenye chujio la koki na kuliziba. Mtiririko ukikoma, vipande vinaanguka chini na njia inafunguka. Fundi asiyejua atauza plagi, kisha CDI (kile kisanduku cha umeme wa cheche), kisha kabureta nzima, na ugonjwa uko palepale. (Kifuniko chenye tundu la hewa lililoziba huleta dalili hiyohiyo. Ikizima, fungua kifuniko: ukisikia kinavuta hewa na pikipiki ikapona, tenki halina kosa.)

Unga laini wa rangi na kutu hupenya chujio. Unga huo ukiziba jeti ndogo (kitundu cha petroli ndani ya kabureta), sailensa inakosekana, yaani injini haikai ikiunguruma taratibu bila kuvuta mafuta. Unga ukikaa kwenye kiti cha sindano ya boya, sindano haifungi, kabureta inafurika, na petroli inaweza kushuka hadi kwenye oili. Oili ikinuka petroli na kuwa nyepesi kama maji, usiiwashe injini. Mwaga oili kwanza, maana hapo kinachoungua si tenki tena, ni beringi na silinda.

Kabla ya kutoa hela, omba mambo haya, na muuzaji akikataa hata moja, rudisha pochi mfukoni. Koki itolewe. Kwa pikipiki nyingi ni boliti mbili za spana namba 10, kazi ya dakika mbili. Tazama chujio lake: tope la kahawia au magamba ya fedha yanasema kila kitu. Kisha funga pamba kwenye waya, ichovye kwenye petroli au asetoni, sugua ndani ya mdomo wa tenki na kwenye tundu la koki kwa nusu dakika. Pamba ikitoka na rangi ya fedha, hiyo ni rangi ya geti. Bati tupu halitoi rangi, wala ule mpako wa kijivu wa kiwandani. Sila ya kweli iliyokauka haitoki kwa petroli, ingawa baadhi hulainishwa na asetoni, kwa hiyo kipimo cha petroli ndicho cha kuamini zaidi.

Beba na sumaku ndogo, ile dhaifu ya kubandika kwenye friji. Ipitishe chini ya tenki, kwenye mshono na pembeni mwa ule mfereji unaokalia fremu. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo unyevu wote hukusanyika huko na ndiko bati hutoboka kwanza. Sumaku isiposhika, umekuta puti iliyozibwa juu ya tundu na kupigwa rangi. Gonga kwa kucha: bati linalia, puti inatoa mlio mfu. Mwisho ziba koki, weka mdomo kwenye tundu la kujazia na kitambaa kikavu, pulizia huku mwenzako amepaka povu la sabuni chini. Pumzi ya mdomo inatosha. Usitumie kompresa, inatanua tenki na kuharibu mshono uliokuwa mzima.

Mtego wa pili ni "dawa ya kutu" kwenye chupa ya maji ya kunywa, haina lebo. Mara nyingi ni maji ya betri au asidi nyingine kali. Inafanya kazi, tena haraka, ndiyo maana inauzika. Lakini ikimaliza kutu inaendelea na bati lenyewe, na inatoa haidrojeni, gesi inayolipuka kwa cheche moja. Tenki lililooshwa hivyo bila kuua asidi linapata kutu mpya ya rangi ya chungwa ndani ya saa chache, likiwa jembamba kuliko mwanzo. Hali kadhalika "sila" iliyopimwa kwenye kopo la soda: kama ni epoksi ya sehemu mbili na umepewa sehemu moja tu, haitakauka milele. Silikoni ya gasketi nayo huvimba kwenye petroli na kuwa kama jeli. Nunua kopo lililofungwa, lenye maandishi kwamba ni la ndani ya tenki la mafuta.

Kigezo kingine ni muda, na hiki hakihitaji kifaa. Anayekwambia "subiri saa moja nikusilie" anakuuzia rangi. Hesabu mwenyewe.

Tenki huoshwa kwanza kwa maji na sabuni ya unga mara mbili au tatu hadi harufu ya petroli ipotee, kwa sababu asidi haigusi kutu yenye mafuta. Magamba makubwa yanavunjwa kwa mnyororo mwembamba wa kama mita moja: uingize, acha ncha imefungwa waya nje, tikisa tenki likiwa limeviringishwa blanketi. Wanaotumia nati wazihesabu zikiingia na zikitoka. Kokoto ziacheni, zinameguka na kuacha mchanga. Halafu siki nyeupe ya asilimia 5, ijazwe hadi juu kabisa kwa sababu dari ya tenki nayo ina kutu, ikae saa 24 hadi 48. Au asidi ya sitriki ya unga, gramu 50 hadi 100 kwa lita ya maji ya uvuguvugu, yaani kati ya nusu kilo na kilo moja kwa tenki la lita 10. Ichunguzwe kila baada ya saa kadhaa, isiachwe ikasahaulika. Ikimwagwa, suuza mara moja kwa maji yenye magadi ya kupikia, vijiko viwili vya chakula kwa lita, kisha maji safi.

Hapo ndipo wengi wanaharibu. Bati tupu lenye unyevu linashika kutu ukiwa unatafuta kitambaa. Zungusha nusu lita ya spiriti ivute maji, mwaga, acha mvuke wote wa spiriti uishe, kisha kausha kwa mashine ya nywele. Usipulizie joto likiwa bado linanuka. Kama tenki halina tundu, halihitaji sila: zungusha petroli iliyochanganywa na oili kidogo, lifunge, lijaze. Sila ni ya tenki lenye vitundu vya sindano. Inapakwa kwenye bati kavu kabisa, tenki linageuzwa pande zote, na inayobaki inamwagwa yote, kwa sababu dimbwi lililoganda chini ndilo hubanduka kwanza. Pitisha waya kwenye tundu la koki na kibomba cha hewa visizibe. Kisha ngoja kama kopo linavyosema. Zipo zinazotaka siku nne. Jumla ni karibu wiki.

Tundu la kupitisha kiberiti, au mshono ulioliwa, sila haiponyi. Kuchomelea tenki lililowahi kubeba petroli kumeshaua watu, hata likiwa "tupu". Mvuke ndio unaolipuka. Sabuni ya kipande kwenye ufa ni ya kukufikisha nyumbani tu, mvua ikinyesha inaondoka.

Aliyekwisha uziwa: usiongeze rangi wala sila juu ya ile ya zamani. Funga chujio la plastiki linaloonyesha ndani kati ya koki na kabureta ili uone kinachotoka, piga picha za magamba, hifadhi risiti, na umrudie muuzaji kabla hujaanza kulisafisha, maana ukishamwaga thina ndani ushahidi umeisha. Kwa Tanzania malalamiko ya bidhaa bandia hupokelewa na Tume ya Ushindani (FCC). Akikataa kurudisha hela na tenki bado ni zima, toa rangi yote kwa asetoni au dawa ya kubandua rangi, mbali na moto na kwa glavu, ikitoka ndipo uanze na siki. Usianze na siki. Haitapita kwenye rangi.