Sensa ya ABS ya IST yangu: mpya ya bei rahisi haikufika mbali, ya mtumba ndiyo iliyonifaa

Taa ya ABS (mfumo unaozuia tairi zisijifunge ukikanyaga breki kwa nguvu) ilianza kuwaka kwenye Toyota IST yangu kama wiki moja baada ya kubadilisha shokapu za mbele. Wala sikuyahusisha mambo hayo mawili. Kilichonitisha ni breki: nikiwa kwenye foleni ya Mwenge, gari linatambaa tu na lami ni kavu, nikitaka kusimama pedali inatetemeka na kunguruma chini ya mguu. Siku chache baadaye mtetemo ukaisha, taa ikabaki imewaka muda wote. Breki za kawaida zilishika vizuri, ila ABS yenyewe ilikuwa imejizima.

Gereji ya kwanza hawakupima chochote. "Dada, pampu ya ABS imekufa, andaa laki sita na nusu." Niliondoka na gari langu.

Fundi umeme niliyemwendea baadaye alichomeka mashine, ikasoma msimbo wa hitilafu C0205: sensa ya mbele kushoto. Nilidhani ataniandikia spea hapohapo. Badala yake alivua tairi, akafungua plastiki ya ndani ya madigadi, akachomoa soketi ya sensa na kuipima kwa mita. Kushoto haikusoma kitu. Akapima na ya kulia ili kulinganisha, ikasoma kama kiloohmu 1.5. Waya ulikuwa umekatika ndani, na alama za kusuguliwa na tairi zilionekana wazi. Kibano kinachoushikilia kwenye shokapu hakikurudishwa siku ile shokapu zilipobadilishwa. Iliniuma sana, maana ni bolti moja tu ndogo.

Kutoa sensa ya zamani ndiko kulikotula muda. Ilikuwa imeganda kwa kutu kwenye tundu lake. Alipuliza dawa ya kutu, tukasubiri karibu nusu saa, kisha akawa anaizungusha kidogo kidogo kushoto na kulia bila kugonga, maana ikivunjikia ndani kazi inakuwa nyingine kabisa. Ilipotoka, alisafisha tundu kwa msasa laini.

Sasa kosa langu. Nilinunua Kariakoo sensa mpya isiyo na jina la maana, Sh 40,000. Waya wake ulikuwa mfupi kuliko wa awali, na raba za kushikilia hazikuangukia kwenye vibano vyake. Usukani ukikatwa mpaka mwisho, waya unakazika. Fundi alinionya, nikamwambia afunge tu. Siku ya tisa taa ikarudi, msimbo uleule. Sensa hii husoma meno ya pete inayozunguka pamoja na tairi, na nafasi kati ya ncha yake na meno hayo ni kama milimita moja tu. Ncha ikiwa fupi kidogo, au sensa ikicheza kwenye tundu, usomaji unaharibika. Ile niliyonunua ilikuwa inacheza.

Mara ya pili nilikwenda Ilala nikachukua ya mtumba kutoka Japani, iliyotolewa kwenye IST kama yangu, Sh 55,000. Nilimwomba muuzaji aipime kwa mita kabla sijalipa, akakubali bila maneno. Raba zote zilikuwa mahali pake na waya ulifuata njia yake ya awali. Kuifunga hakukuchukua hata dakika ishirini: bolti moja ya spana namba 10, inayokazwa kwa kiasi, soketi, vibano, basi. Fundi alifuta msimbo kwa mashine, akachukua Sh 20,000.

Kabla ya kuachana tulitafuta kipande cha barabara ya vumbi kisicho na watu. Nikakanyaga breki kwa nguvu zote. Pedali ikagonga mguuni safari hii kwa haki yake, usukani ukaendelea kunitii, gari likasimama limenyooka. Ni miezi saba sasa, nimeshuka nayo mteremko wa Kitonga mvua ikinyesha, na ile taa huwaka mara moja tu ninapowasha gari, kisha inazimika.