"Uhuru wa Watumwa" cha kukodi, sokoni Tabora

Nyuma ya soko kuu hapa Tabora, ukishapita wauza asali, kuna kibanda cha vitabu vya mtumba ambacho mzazi mwenye mtoto wa darasa la tano kwenda juu asikose kukipitia. Uliza "Uhuru wa Watumwa" cha James Mbotela. Hakiuzwi, kinakodishwa: mia tano kwa wiki, na unaacha elfu mbili ya dhamana. Jina lako mzee mwenye kibanda haandiki popote. Anakutazama usoni, inatosha.

Kitabu chenyewe kilichapwa London mwaka 1934, na mwandishi anasimulia habari za watu wake mwenyewe. Watu wanatekwa bara, wanatembezwa hadi pwani, wanapakiwa jahazini, manowari ya Waingereza inalikamata lile jahazi baharini. Wanaishia Freretown, kijiji cha wamisionari karibu na Mombasa kilichoanzishwa 1875, miaka miwili baada ya Sultani Barghash kukubali soko la watumwa la Unguja lifungwe. Msitegemee picha za rangi. Kiswahili chake ni cha wazee, mtoto atakwama hapa na pale, lakini atasonga.

Mimi ni fundi cherehani, kwa hiyo kwetu binti ndiye anayesoma kwa sauti na mimi napinda sare za shule. Alipofika kwenye habari za watu kufungwa minyororo, mdogo wake akauliza, "Mama, na hapa walipita?" Nikasimamisha cherehani. Walipita, mwanangu. Njia ya kutoka Ujiji kwenda Bagamoyo, mwendo wa kilomita kama 1,200, ilikatiza hapa hapa. Ila hapo mzazi aongeze la kwake, maana mtoto ataondoka akidhani kila aliyebeba pembe za ndovu alikuwa mtumwa. Wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikuwa waungwana wanaofanya kazi kwa ujira, wakilipwa vitambaa na shanga, na kijana aliyefika pwani akarudi aliheshimika. Msafara mmoja ungeweza kuwa na mpagazi anayeimba mbele na mtu wa mnyororo nyuma. Wanangu walibishana juu ya jambo hilo mpaka chai ikapoa.

Lililonifanya nikithamini kitabu hiki ni jingine. Nyumba nyingi za mjini hapa zina mtu ambaye hatajwi alikotoka. Bibi mzaa mama nilipomuuliza kuhusu mama yake alinijibu, "Alikuja na watu." Watu gani, kutoka wapi, hakusema. Ukoo wake haujulikani, kaburi lake hatulijui, na mjomba akisikia swali hilo anakohoa, mazungumzo yanahamia kwenye bei ya tumbaku. Mbotela hakukohoa. Alikaa akaandika: hawa waliotekwa ni wangu, na mimi nimetoka kwao. Binti yangu ameshaanza kuuliza maswali ambayo mimi sikuthubutu, na safari hii mjomba ajiandae.

Sasa lawama. Kitabu kinawasifu Waingereza kupita kiasi, utadhani uhuru ni mzigo ulioletwa na meli. Kwetu bara mambo hayakwenda hivyo. Wajerumani waliishia kwenye amri ya 1904 kwamba watoto watakaozaliwa kuanzia 1906 ni huru. Mama zao je? Sheria iliyofuta utumwa wote Tanganyika ilikuja 1922, Waingereza wakiwa tayari ndio wenye nchi. Ukihesabu tangu Barghash atie saini, ni miaka 49. Mwanamke aliyekuwa kwenye nyumba ya mtu hapa Tabora angekaa kungoja meli, angezeekea jikoni. Walioweza walijikomboa kwa fedha, wengine waliondoka tu kwa miguu yao wakatafuta kazi ya ujira mahali pengine. Hao ningependa mtu awaandikie watoto hadithi, maana ndio bibi zetu.

Halafu kuna suala la Waarabu. Kitabuni wamepakwa rangi moja tu, nyeusi. Jirani yangu ni wa ukoo wa Kiarabu, mwezi wa Ramadhani tunapelekeana futari, na mtoto wake anasoma dawati moja na wa kwangu. Sikuwaficha wanangu nani alikuwa tajiri wa misafara. Lakini niliwaambia pia kwamba watemi wetu wenyewe waliuza watu, wakapokea bunduki na baruti. Msimwachie mtoto sura hizo asome peke yake.

Kuhusu kibanda: nakala ni kuukuu, mgongo umebandikwa kwa ile gundi ya karatasi ya kahawia, na ukurasa mmoja ulikuwa umepachikwa kichwa chini. Hakikisha kabla ya kulipa. Mzee haruhusu kupiga picha kurasa kwa simu, na hapo namuunga mkono. Rafu ya watoto imejaa mabinti wa kifalme wa Ulaya wenye nywele za dhahabu, vitabu vipya vinavyong'aa. Vya Kiswahili viko chini kabisa, karibu na vumbi, uiname ndipo uvione. Nilimwambia avipandishe, akanijibu kwamba vya juu ndivyo vinavyoita wateja. Wiki iliyofuata vilikuwa pale pale.

Ila ana jambo lake moja zuri. Ukirudisha kitabu cha mtoto, hakupi dhamana mpaka mtoto mwenyewe amsimulie alichosoma. Wangu alisimulia hadi wauza asali wakasogea, na mmoja akamkatiza kumweleza kwamba babu yake naye alikwenda pwani na pembe begani. Tukachelewa kurudi.

Ijumaa anafunga mchana kwa sala, anarudi kama saa tisa. Jumapili hafungui. Nendeni na kitu cha kufunikia kitabu masika haya, kile kibati chake kinavuja upande wa vitabu vya sekondari.